Haut-Lomami: Kijana wa Luena anaweza kuwa mkuu wa mradi? Vyeti vinavyotambuliwa duniani, bei yake na faida yake

Luena, mji wa reli na makaa ya mawe katika teritware ya Bukama, jimbo la Haut-Lomami, umezoea kuona miradi ikija na kuondoka. Shule inajengwa, kisima kinachimbwa, kampeni ya chanjo inapita, kipande cha reli kinatengenezwa. Vijana wa hapo wanapata kazi ya kubeba, kuchimba, kulinda usiku na, kwa wenye bahati, kazi ya kapita. Lakini nafasi ya mkuu wa mradi, ile yenye mkataba ulioandikwa na mshahara unaoingia kila mwezi, mara nyingi inachukuliwa na mtu aliyetoka Lubumbashi, Kinshasa au ng'ambo.

Sababu si moja. Kuna kujuana, kuna masomo, kuna lugha. Lakini kuna jambo lingine ambalo kijana anaweza kulifanyia kazi yeye mwenyewe: cheti cha taaluma ya usimamizi wa miradi. Katika matangazo ya kazi ya mashirika yasiyo ya kiserikali na ya kampuni za madini, mstari mmoja unarudi mara kwa mara: kuwa na cheti cha PMP, PMD Pro au PRINCE2 "est un atout", yaani kunamwongezea nguvu anayeomba kazi.

Vyeti hivyo havina mipaka ya nchi. Mtu wa Luena anaweza kuvitafuta kama mtu wa Nairobi au Brussels, na mitihani yake inafanyika pia kwa Kifaransa. Lakini vinadai pesa, muda na uzoefu wenye ushahidi. Anayechagua vibaya anaweza kupoteza akiba ya jamaa nzima, kwa hiyo ni vizuri kujua kila cheti kinamfaa nani.

Jimbo lenye miradi mingi

Haut-Lomami ilizaliwa mwaka 2015, wakati jimbo la zamani la Katanga lilipogawanywa. Mji wake mkuu ni Kamina, na teritware zake ni tano: Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu. Ni jimbo la mto Lualaba na maziwa ya Upemba, mahali ambapo kipindupindu kinarudi mara kwa mara na ambapo mafuriko yanaharibu mashamba na njia. Kila mara hali hiyo inaleta miradi ya maji safi, vyoo, afya na chakula.

Kuna pia miradi ya serikali. Mpango wa maendeleo ya teritware 145, unaojulikana kama PDL-145T, ulibuniwa ili kujenga shule, vituo vya afya, majengo ya utawala na barabara katika teritware zote za nchi. Katika sehemu nyingi kazi zake zilipita muda uliopangwa, na wakaaji wengi wamejifunza kwa macho yao kwamba kutangaza mradi ni jambo moja na kuumaliza ni jambo lingine.

Na kuna reli. Njia ya treni ilifika Bukama mwaka 1918 na Luena ikakua pembeni yake, makaa yake ya mawe yakihudumia viwanda vya Katanga. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 255 kwa mradi wa usafiri wa njia mbalimbali, ambao sehemu yake kubwa ilihusu kuinua tena kampuni ya reli ya SNCC. Hata hivyo reli bado ni kidonda. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyokuwa ikitoka Luena kwenda Tenke ilianguka karibu na kijiji cha Buyofwe, teritware ya Lubudi, katika jimbo jirani la Lualaba. Watu zaidi ya 60 waliokuwa wamepanda juu ya treni hiyo walikufa.

Kwa hiyo, kazi ya kusimamia mradi si jambo la watu wa ofisi peke yao. Kujua hatari mapema, kufuata ratiba, kuhesabu vifaa, kuandika kila senti iliyotoka na kusikiliza wakaaji kabla ya kuchimba msingi: hayo ndiyo yanayoamua kama daraja litasimama au litabaki nguzo mbili ndani ya maji.

Cheti cha taaluma ni nini?

Watu wengi wanachanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni diploma ya chuo, kwa mfano licence katika gestion de projets. Hiyo inapatikana baada ya miaka ya masomo na inatolewa na chuo kikuu au taasisi ya juu. Cha pili ni karatasi ya kushiriki mafunzo, ile inayotolewa mwishoni mwa semina ya siku tatu au tano. Cha tatu ndicho kinachozungumziwa hapa: cheti cha taaluma, ambacho kinatolewa na chombo cha kimataifa baada ya mtihani mmoja ulio sawa kwa watu wote duniani.

Tofauti hiyo ina uzito. Karatasi ya semina inasema tu kwamba mtu alikuwepo. Cheti cha taaluma kinasema kwamba alipimwa, na mwajiri anaweza kukihakikisha kwenye intaneti. Vijana wengi wamelipa pesa kwa semina wakidhani wamepata PMP, kumbe wamepata saa za mafunzo tu. Saa hizo zina faida yake, lakini mtihani wenyewe haujafanyika.

Chombo kinachojulikana zaidi katika kazi hii ni Project Management Institute, kwa kifupi PMI. Kilianzishwa Marekani mwaka 1969, na mwaka 1984 kikaanza kutoa cheti cha PMP. Leo watu zaidi ya milioni 1 duniani wana cheti hicho, katika ujenzi, madini, benki, afya, teknolojia na misaada ya kibinadamu.

PMP: mlango wake si mwepesi

PMP si cheti cha mtu anayeanza. PMI inataka mtu awe tayari ameongoza miradi, na masharti yanategemea masomo yake. Mwenye digrii ya chuo kikuu ya kiwango cha bachelor au kinacholingana nacho anatakiwa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi. Mwenye diplôme d'État tu anatakiwa kuonyesha miezi 60, yaani miaka mitano. Uzoefu huo lazima uwe wa miaka ya karibuni iliyotangulia maombi. Juu ya hayo, kila mmoja lazima awe na saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi.

Ombi linajazwa kwenye tovuti ya PMI. Likikubaliwa, mtu anapewa mwaka mmoja wa kufanya mtihani, na ndani ya mwaka huo anaweza kujaribu mara tatu, lakini kila kurudia kunalipiwa tena. Mtihani ulioanza kutumika mwaka 2021 ulikuwa na maswali 180 ya kujibu katika dakika 230. Maswali yanahusu mambo matatu: kuongoza watu, kuendesha hatua za mradi, na kuunganisha mradi na malengo ya shirika au kampuni. Mengi si ya kukariri. Yanaeleza hali, kwa mfano mfanyakazi amegoma au mfadhili amebadilisha mawazo katikati ya kazi, kisha yanauliza mkuu wa mradi afanye nini kwanza.

Mtihani unafanyika katika kituo cha Pearson VUE au nyumbani kwa kompyuta, mchungaji akiwa anamtazama mtahiniwa kupitia kamera. Kiswahili hakimo katika lugha za mtihani huo, lakini Kifaransa kimo. Kwa mtu wa Luena, kuufanya nyumbani ni hatari: umeme ukikatika au mtandao ukianguka, mtihani unaweza kusimama. Ndiyo maana, hata kama safari ni ndefu, wenye akili watahesabu nauli ya kwenda kwenye kituo cha mji mkubwa kama sehemu ya gharama.

Miezi ya kapita inahesabiwa?

Hili ndilo swali linalogusa vijana wengi wa Haut-Lomami. Mtu ambaye hakuwahi kuitwa chef de projet kwenye mkataba wake, je, anaweza kuomba?

Jibu ni ndiyo, kama kweli aliongoza. PMI haitazami jina la cheo peke yake. Inatazama kazi iliyofanywa. Kapita aliyepanga wafanyakazi, aliyefuata ratiba, aliyeandika matumizi ya saruji na mabati, aliyetoa ripoti kwa mhandisi na kutatua ugomvi na mkuu wa kijiji, huyo amefanya sehemu ya kazi ya usimamizi. Aliyesimama tu kuhesabu watu asubuhi na jioni hawezi kusema hivyo.

Lakini kuna kanuni ya hesabu ambayo wengi hawaijui. Miezi inayogongana inahesabiwa mara moja tu. Chukua mfano wa mtu aliyeongoza ujenzi wa shule kwa miezi 8, kituo cha afya kwa miezi 6 na uchimbaji wa visima kwa miezi 5. Ukijumlisha unapata 19. Kama miezi 2 ya kituo cha afya ilikuwa ndani ya miezi ileile ya shule, jumla inayokubalika ni 17. Kama ana diplôme d'État tu, bado anahitaji miezi 43 kabla ya kugusa PMP.

Shida kubwa zaidi ni ushahidi. PMI huchagua baadhi ya maombi na kuyachunguza. Aliyechaguliwa lazima atume nakala ya diploma, ushahidi wa mafunzo, na sahihi za watu waliomsimamia katika miradi aliyoitaja. Katika jimbo ambalo kampuni inamaliza kazi na kutoweka na magari yake, kumpata msimamizi wa miaka minne iliyopita ni kazi ngumu.

Kwa hiyo karatasi lazima zitafutwe wakati mradi bado uko hai. Kabla ya siku ya mwisho ya kazi, kila mmoja aombe attestation de service yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la mradi, majukumu yake, na jina, barua pepe na namba ya simu ya msimamizi. Ahifadhi mkataba, ordre de mission na ripoti alizoandika. Azipige picha na kuziweka kwenye barua pepe yake, maana simu inaibiwa na karatasi zinaliwa na mchwa. Haya hayagharimu kitu, lakini ndiyo yanayowakwamisha watu wengi wenye uzoefu wa kweli.

Kwa anayeanza: njia tatu nyingine

Kijana aliyemaliza masomo juzi, au mwenye miezi michache tu ya kazi, asianze na PMP. Kuna milango mingine.

Wa kwanza ni CAPM, cheti kingine cha PMI. Hakidai uzoefu wa kuongoza miradi. Mtu anatakiwa kuwa na diploma ya sekondari na saa 23 za mafunzo, kisha anafanya mtihani wa maswali 150 katika saa tatu. Kina faida moja ya kufikiria mbele: mwenye CAPM hai akija kuomba PMP, hatadaiwa tena zile saa 35 za mafunzo.

Wa pili ni Project DPro, ambao wengi katika mashirika wanauita bado kwa jina lake la zamani, PMD Pro. Umetengenezwa na PM4NGOs kwa ajili ya watu wa miradi ya maendeleo na misaada. Kitabu chake kinapatikana bure kwenye intaneti, na kwa Kifaransa pia. Kiwango cha kwanza hakidai uzoefu. Lugha yake inafanana na ile ambayo mtu wa ONG anaisikia kila siku: mti wa matatizo, wadau, viashiria, cadre logique. Ile cadre logique, jedwali ambalo limewasumbua vichwa wengi wanaoandika miradi, ilitengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, mwaka uleule PMI ilipozaliwa. Kwa mtu wa Bukama au Malemba-Nkulu anayelenga kazi za maji, afya au chakula, huu ndio mlango ulio karibu zaidi.

Wa tatu ni PRINCE2, njia iliyotoka kwa serikali ya Uingereza mwaka 1996. Kiwango chake cha Foundation nacho hakidai uzoefu. Kinaheshimiwa sana Ulaya na katika baadhi ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kinafaa kwa anayependa kazi yenye taratibu zilizoandikwa hatua kwa hatua.

Bei: siku 186 za maisha

Kwa bei ya kawaida, mtihani wa PMP unazidi dola 400 kwa mwanachama wa PMI na unazidi 500 kwa asiye mwanachama. Bei hizo zinabadilika kulingana na nchi na mwaka, kwa hiyo kila mtu aangalie kwenye tovuti ya PMI kabla ya kuanza kuweka akiba. Uanachama nao unalipiwa kila mwaka, lakini unapunguza bei ya mtihani na unampa mtu ruhusa ya kupakua bure kitabu kikuu cha PMI, PMBOK Guide. CAPM ni rahisi zaidi.

Kwa mwajiriwa wa kampuni kubwa ya madini ya Kolwezi, dola 400 zinaweza kuwa sehemu ya mshahara wa mwezi. Kwa jamaa ya Luena ni jambo lingine. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba karibu Wakongo watatu kati ya wanne walikuwa wakiishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kwa kiwango hicho, dola 400 ni siku 186, zaidi ya nusu mwaka wa chakula, dawa na karo za watoto. Na bado hapo hazijaingia mega za kusomea, nauli, malazi na mafunzo.

Malipo pia yana shida yake. Kwa kawaida hufanywa kwenye intaneti kwa kadi ya benki, wakati wakaaji wengi wanatumia pesa za simu. Hapo mtu anamtafuta jamaa wa Lubumbashi mwenye kadi. Ni vizuri kadi hiyo iwe ya mtu wa kuaminika na malipo yafanyike kwenye tovuti yenyewe ya PMI, si kupitia mtu wa katikati anayesema atapunguza bei.

Njia za kupunguza mzigo zipo. Masomo ya mwanzo yanapatikana bure kwenye majukwaa ya mafunzo ya watu wa misaada kama Kaya na DisasterReady, mengine kwa Kifaransa. Vijana watano wanaweza kusoma pamoja, wakanunua mega kwa zamu na kugawana vitabu. Likelemba inayosaidia mama kununua mzigo wa samaki inaweza pia kumlipia mwanachama wake mtihani, akairudisha kidogo kidogo. Na mwenye kazi asisite kumwuliza mwajiri: mashirika mengi yana mstari wa bajeti kwa mafunzo ya wafanyakazi, na mara nyingi pesa hizo hubaki kwa sababu hakuna aliyeziomba.

Faida: kutenganisha ukweli na tangazo

PMI inasema wenye PMP wanalipwa zaidi. Katika uchunguzi wake wa mishahara wa mwaka 2023 ilitaja pengo la asilimia 33 kati ya wenye cheti hicho na wasio nacho, kwa nchi zilizochunguzwa. Katika ripoti ya mwaka 2021 ilisema pia kwamba dunia itahitaji watu wapya milioni 25 wa kazi za miradi kufikia 2030.

Takwimu hizo zisomwe kwa macho mawili. Anayezitoa ndiye anayeuza mtihani. Na mwenye PMP mara nyingi ni mtu mwenye miaka mingi ya kazi, kwa hiyo angelipwa zaidi hata bila cheti. Hakuna anayeweza kumwahidi kijana wa Luena asilimia 33.

Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni hiki. Kwanza, cheti kinasaidia faili kupita mchujo wa kwanza. Shirika likipokea maombi 300 kwa nafasi moja, anayechuja anatafuta alama za haraka, na cheti ni mojawapo. Pili, kinampa mtu lugha moja na wafadhili na wahandisi wa nje. Anayejua kueleza mipaka ya kazi, ratiba, bajeti na hatari kwa maneno wanayoyajua anasikilizwa kwenye kikao. Tatu, kinasafiri. Mtu aliyelazimika kuhama kwa sababu ya vita, kama wengi walivyohama Goma na Bukavu mwaka 2025, anaweza kukionyesha Kampala, Lusaka au Dar es Salaam, na mwajiri wa huko atakielewa bila kuuliza chuo fulani ni kipi.

Kuna faida ya nne ambayo haizungumzwi sana: kujiajiri. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi za sous-traitance katika sekta binafsi, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inaikabidhi kampuni nyingine, ziende kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongo. Mamlaka ya ARSP ndiyo inayoisimamia. Lakini kupata soko ni nusu ya safari. Kampuni ndogo ya ujenzi au ya usafiri inayochelewesha kazi na kushindwa kuandika hesabu haitaitwa mara ya pili. Kwa mwenye kampuni kama hiyo, alichojifunza kwa ajili ya mtihani kinaweza kuwa na thamani kuliko karatasi yenyewe.

Ambacho cheti hakifanyi

Cheti hakiondoi kujuana katika kuajiri. Hakileti mradi mahali ambapo hakuna mradi. Mwaka 2025 umeonyesha hilo wazi: Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilisimamisha misaada yake mwezi Januari na kuifunga USAID mwezi Julai. Mashirika yalifunga ofisi, na watu wenye uzoefu mkubwa na vyeti vizuri walirudi nyumbani. Katika soko kama hilo, anayetegemea ONG peke yake anajiweka kwenye hatari. Ni afadhali ujuzi wake uweze kutumika pia katika reli, madini, ujenzi na biashara.

Cheti pia si cha milele. PMP na CAPM zinadumu miaka mitatu. Kuhuisha PMP kunadai alama 60 za kujiendeleza ndani ya miaka hiyo, na CAPM 15. Alama hizo zinapatikana kwa kusoma, kufundisha wengine au kuhudhuria mafunzo, na nyingine ni bure. Asiyezifuatilia anapoteza cheti alichokilipia kwa jasho.

Na mwisho, cheti hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Daraja linaliwa na saruji iliyouzwa usiku, hata kama ratiba ilichorwa vizuri.

Pa kuanzia

Aliye na diplôme d'État bila uzoefu apakue kitabu cha Project DPro, akisome kwa miezi miwili au mitatu, kisha aamue kati ya mtihani huo na CAPM. Aliye na uzoefu wa mwaka mmoja au miwili akusanye ushahidi wake sasa, afanye cheti cha mwanzo, na aombe kwa msimamizi wake kazi zenye uongozi zaidi: kuandika ripoti, kufuata bajeti, kuendesha kikao. Aliye na licence na miaka mitatu ya kuongoza, au diplôme d'État na miaka mitano, afungue akaunti kwenye tovuti ya PMI na aanze kujaza ombi la PMP hata kabla ya kupata pesa zote. Kujaza kwenyewe ni bure, na kutamwonyesha anachokosa.

Mwanafunzi wa Kamina au Lubumbashi asisubiri kumaliza chuo. Kikundi cha kanisa kinachojenga ukuta, ushirika wa wavuvi unaonunua nyavu, kamati ya wazazi inayotengeneza paa la shule: yote hiyo ni miradi yenye bajeti, ratiba na watu wa kuongoza. Aandike tarehe, kazi aliyoifanya na jina la aliyemsimamia. PMI itakapoomba ushahidi miaka mitano baadaye, daftari hilo ndilo litakalomfungulia njia.